Tingatinga Lililomvuta Mwenzake

Palikuwa na mfyatua matofali aitwaye Semeni, mwenye akiba ya kununua tingatinga moja tu dogo la kupakia mchanga. Akipata bovu, biashara imekwisha. Tajiri Kirumbi alikuwa na manne yaliyotumika, yote bei moja.

"Chagua kwa macho, mama. Hakuna kuwasha kwa majaribio. Utalipia litakaloingia uani kwako, na halirudi."

Semeni akayazunguka, akayapapasa, akacheka peke yake. "Hili jekundu linang'aa kama bibi harusi. Nipelekee."

"Una jicho la kuchagua," Kirumbi akasema, akiuma mdomo asicheke.

"Ila kwangu kuna mlima, kaka. Likizimika, nani atalivuta?"

"Litafuatwa na jingine."

"Lisije nalo likazimika, tukaaibika wote."

"Nitakuja mwenyewe na lile la nne, kuukuu la kijivu. Halijanitia aibu hata siku moja."

Mlimani jekundu likakohoa, likafa. La kijivu likalivuta mpaka uani. Semeni akalipa, kisha akapanda juu ya la kijivu.

"Shuka, mama. Ulichagua jekundu."

"Hilo lilichaguliwa na macho yangu, kaka. Hili umenichagulia wewe, na yote mawili yameingia uani, bei moja. Nimelipia hili."