Tangi Lililonyimwa Maji

Kulikuwa na fundi mmoja, mikono ya dhahabu, moyo wa kuku. Tangi lake la kwanza lilikauka likasinyaa, likafanya nyufa, na kijiji kizima kikamcheka. Basi mjane mmoja alipomwomba amjengee tangi kabla ya masika, fundi akanunua saruji ya namna nyingine, ile inayovimba kidogo badala ya kusinyaa.

Muuzaji akamwonya: "Tangi ulinyweshe maji siku saba. Litavimba. Liache livimbe lingali bichi, nondo za chuma ndani yake zitalibana. Ukilinyima maji, uvimbe utabaki ndani unakungoja."

Tangi likajengwa, na siku mbili mjane akabeba ndoo za maji kutoka mtoni kulinywesha. Ya tatu, fundi akasikia mbao zilizolizunguka tangi zikilia, kaa! Roho ikamruka: linapasuka! Ninyi mngefanyaje? Msinijibu, nawajua.

"Mama, tua ndoo. Maji basi."

"Si ulisema siku saba?"

"Limeshakuwa gumu. Gonga uone."

Mjane akagonga. "Gumu, kweli. Marehemu mume wangu naye alikuwa akinyamaza hivi hivi. Akinyamaza, mimi nahamisha vyombo visije vikavunjwa."

Tangi likakaa safi, bila ufa. Watu wakaja kulipapasa, wakasifu. Fundi peke yake hakula akashiba. Kila asubuhi alilipitishia kidole, juu hadi chini.

Masika yakaja, tangi likajaa pomoni. Yale maji aliyolinyima, likayanywa yote kwa mpigo. Uvimbe ukaamka, nalo limeshakakamaa, halina pa kujinyoosha. Siku ya tatu likapasuka toka mdomoni hadi kitakoni, maji yakapita jikoni kwa mjane yakazima moto.

"Fundi, si ulisema gumu?"

"Gumu, mama. Ugumu ndio uliolipasua."

Na sisi je? Neno likituchoma tunasema "yameisha," midomo mikavu. Wifi katutukana, tunamenya naye ndizi tukicheka. Tunaogopa ugomvi mdogo wa Jumanne, tunaulaza, hadi siku ya matanga, jeneza liko katikati, ndipo unaamka na kupasua ukoo. Lisemeni neno lingali bichi, wenye kuwashika kama nondo wakiwa karibu!

Humu ndani wapo ndugu wawili, benchi moja, hawajasemezana tangu mavuno. Wametulia. Hawana hata ufa.

Hilo wingu dirishani mnaliona?