Nafuna Alilipiwa Nini?

Timu moja ya wanawake ya mpira wa magongo ilivunjika, na Kocha Lumiti akaanza kuijenga upya. Alichukua wasichana waliomaliza shule juzi tu, na mkongwe mmoja, Nafuna, mama wa watoto watatu. Huyo alimlipa mara mbili ya wenzake.

Kila Jumamosi walifungwa. Lumiti hakupata usingizi. Aliogopa wasichana watakata tamaa mmoja mmoja mpaka abaki na magongo matupu.

Manung'uniko nayo yakaanza.

"Kocha, yule shosho, bibi kizee yule, hata mbio hana," alisema Awino, kipa. "Tena mechi ikiisha anakaa chini kando ya mashabiki kuvua soksi, sisi tunamngoja kwenye basi kama bibi harusi!"

Wenzake wakaangua kicheko. Lumiti hakucheka. Alijiuliza kama upendeleo wake ndio unaoibomoa timu. Mwishowe akamwita Nafuna.

"Dada, kuanzia sasa utalipwa sawa na wengine. Na filimbi ya mwisho ikilia, panda basi pamoja nao. Usitucheleweshe."

Nafuna alimtazama kidogo. "Sawa, kocha. Timu ni yako."

Jumamosi iliyofuata wakafungwa mabao manne. Nafuna akatoka uwanjani na wenzake, akapanda basi. Mashabiki, walipokosa wa kumtukana, wakalizingira basi lenyewe.

"Kipa gani huyu? Mikono kama uji! Rudi kwa mamako!"

Walipiga mabati ya basi mpaka Awino akajifunika uso kwa taulo.

Siku ya mazoezi hakuja. Wala wengine wawili hawakuja.

Lumiti akaenda nyumbani kwa Nafuna. Alimkuta akichambua mboga mlangoni.

"Dada, kwani ulikuwa ukifanya nini pale kando ya mashabiki?"

"Kutukanwa," Nafuna akajibu, bila kuinua macho. "Mtu akishatukana koo likamkauka, huenda zake nyumbani. Wale watoto walikuwa wanapanda basi wakijua wameshindwa, lakini hawajui kuwa wanachukiwa. Soksi, kocha, kuzivua ni dakika moja tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua unacholipia."

Siku hiyohiyo Lumiti alimrudishia malipo yake ya zamani, kisha akaenda kwa kina Awino, akamweleza yote, hata kosa lake mwenyewe. Alipomaliza alingoja jibu. Huyu akikataa, wale wawili hawatarudi, na timu itakuwa imekwisha.

Awino alilichukua taulo lake la mechi, akalikunja.

"Kesho nitakuja," akasema. "Ila hizo pesa mnazompa, kocha, ni kidogo."

Funzo: Usimpime mkongwe kwa mbio zake peke yake. Huenda kazi yake kubwa ni kubeba maumivu ambayo wachanga bado hawajapata mabega ya kuyabeba.