Jinsi Kondoo na Mbuzi Walivyopata Jina Moja

Hapo kale kondoo na mbuzi hawakuwa wakipita njia moja. Katika nchi kavu ya kusini, kule Waebrania walikohamahama na mahema yao, kondoo walikuwa na zizi lao na zamu yao kisimani, na mbuzi vivyo hivyo. Kila mmoja aliitwa kwa jina lake, na jina la mbuzi lilitamkwa kwa kukunja pua. Kondoo alikuwa mnyama wa watu wenye heshima zao. Mbuzi alikuwa wa wajane, wa wageni, na wa wale waliofilisika lakini hawakutaka ijulikane.

Aliyeushikilia mpango huo kwa mikono miwili alikuwa mzee Zibeoni, mkuu wa kambi, ambaye hakuwa amechunga hata ndama kwa miaka ishirini lakini alijua kila kitu kuhusu uchungaji. Na aliyemwamini kuliko watu wote alikuwa mke wa mwanawe, Basemathi. Yeye alichunga kondoo thelathini, na kondoo hao aliwapitisha mbele ya zizi la mbuzi kwa madaha, utadhani anasindikiza bibi harusi.

Mwaka wa ukame mkubwa kisima cha kambi kikatoa tope, kisha hata tope likakoma. Watu wakawa wanagawana maji ya viriba, mnyama hapewi. Mume wa Basemathi, Reueli, alikuwa ameondoka na punda kwenda kutafuta nafaka nchi ya mbali. Watoto wao watatu waliishi kwa maziwa ya kondoo wale, na maziwa yalikuwa yanapungua kila siku. Kondoo wasipopata maji, watoto wasingekuwa na kingine cha kutia kinywani. Kisima kilichobaki kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima, ng'ambo ya uwanda usio na mti hata mmoja.

Hogla, dada yake Reueli, alikuwa amerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe, akaja na mbuzi ishirini na ulimi usiopumzika. Jioni moja alimwendea wifi yake akamwambia watoke pamoja kesho alfajiri, kwa sababu mbuzi wake wanaijua njia. Basemathi akajibu kwamba njia anaijua vizuri sana. Ukweli ni kwamba alikuwa ameipita mara moja tu, juu ya punda, amelala.

Alfajiri Hogla akatoka. Basemathi akangoja. Alitaka vumbi la mbuzi litulie kabisa, asije mtu akasema kondoo wa mzee Zibeoni wamefuata mikia ya mbuzi. Vumbi likachukua muda wake kutulia, na alipofungua zizi jua lilikuwa limeshakaa juu ya vilima.

Katikati ya uwanda kondoo wakasimama. Kondoo akizidiwa na joto huwa na wazo moja tu: huingiza kichwa chini ya tumbo la mwenzake apate kivuli. Mwenzake naye hutafuta tumbo la mwingine, hata kundi zima likawa rundo moja la manyoya linalohema, na hakuna anayekubali kuwa wa kwanza kutoka. Basemathi aliwavuta masikio. Aliwabembeleza kwa majina. Alimbeba mmoja hatua hamsini kuelekea alikodhani ndiko kisimani, akamweka chini, na yule kondoo akageuka akarudi rundoni. Wawili wakaanguka. Mmoja wao hakuinuka tena.

Akaketi kwenye mchanga wa moto, akawafikiria watoto wake watatu, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema ukweli, ingawa hakukuwa na wa kumsikia. Alisema hajui njia.

Vumbi lililotokea mbele yake alidhani ni macho yanamdanganya. Alikuwa Hogla. Alikuwa amekwisha kunywesha mbuzi wake, akaangalia nyuma, asione dalili ya kundi lingine, akarudi nao. Basemathi akajiandaa kwa maneno, kwa maana wifi huyu hakuwa na sifa ya kuyabania. Hogla akalitazama rundo, akamtazama na kondoo aliyekufa, akamimina maji ya kiriba chake mkononi na kumlowesha uso wifi yake.

"Wifi, ungeniambia tu hujui njia."

"Ningekuambia, kama ungekuwa mtu wa kuniacha nisahau."

Hogla akacheka. "Hapo umenipata. Mshike beberu huyu, utembee naye mbele."

Mbuzi hawezi kuona msongamano bila kutaka kujua kuna nini ndani. Wakajipenyeza. Wakapiga pembe huku na kule, wakapanda migongoni mwa kondoo wazima bila hodi, na rundo likafunguka. Kondoo wakainua vichwa, wakaona mikia inaondoka, wakaifuata. Hivyo ndivyo walivyovuka, mbuzi wakitangulia na kondoo nyuma yao, hadi majini.

Basemathi alitafuta neno la shukrani, kila aliloliokota akaliona dogo. Basi akashika kamba, akawatekea maji kwanza mbuzi, ambao walikuwa wameshashiba. Hogla akaja kumsaidia kuvuta kamba. Mbuzi nao, kwa adabu ambayo hawakuwahi kusingiziwa, wakanywa tena.

Kwa siku tisa wanawake wale walikwenda na kurudi pamoja. Maziwa yakaongezeka, watoto wakaanza kugombana tena, jambo ambalo Basemathi alilisikiliza kama wimbo. Siku ya kumi mvua ya kwanza ikawakuta uwandani, mvua ya barafu na upepo wa kukata masikio. Mbuzi ana ubishi wa kila namna lakini nguo hana. Nywele zikawalowa, magoti yakaanza kugongana, na wana-mbuzi wawili wakalala chini.

Safari hii Basemathi hakungoja. Aliwaita kondoo wake wakusanyike, akawasukuma mbuzi katikati ya manyoya yale mazito, akamsukuma na Hogla, kisha akaingia yeye na mwana-mbuzi kila kwapani. Wakasimama hivyo hadi mvua ilipopita. Hakupotea hata mmoja.

"Asante, wifi," akasema Hogla, meno yakigongana.

"Asante ni yangu," akajibu Basemathi. "Imechelewa siku kumi."

Waliporudi kambini, mzee Zibeoni alikuwa amesimama kati ya mazizi mawili. Aliona kundi moja lililochanganyika, na mke wa mwanawe akitembea mbele pamoja na beberu. Akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi hema la mwisho, hawa wanaokuja ni kondoo au ni mbuzi.

"Ni tson, baba," akasema Basemathi.

Mzee akasema neno hilo halijui.

"Hata mimi sikuwa nalo mwezi uliopita. Ni hawa wote. Ndio waliowanywesha wajukuu wako maziwa."

Mzee akawatazama wajukuu, midomo yao myeupe kwa maziwa. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu desturi, lakini mdogo wao alikuwa amemshika mguu. Akafungua zizi moja.

Reueli aliporudi na nafaka, kambi ikafanya karamu ya shukrani. Mzee aliagiza mnyama asiye na kasoro. Basemathi akaingia zizini akamtoa yule aliyekuwa mzima na mwenye afya, na akatokea kuwa mbuzi. Zibeoni alikula, akanyonya mfupa, akatangaza kwamba kondoo yule alikuwa mtamu. Hakuna aliyekuwa na haja ya kumsahihisha.

Na tangu mwaka ule Waebrania wakawaita kondoo na mbuzi kwa pamoja tson. Agizo la karamu yao kubwa ya kukumbuka kuokolewa kwao utumwani likasema mnyama atwaliwe katika kondoo au katika mbuzi, mradi asiwe na kasoro. Wenye kamusi wana maelezo yao kuhusu neno hilo. Haya ni ya wenye mbuzi. Hadi leo wachungaji wa nchi zile hutoka na kundi moja, mbuzi mbele. Na wale wanaopenda sana kusikia habari za kondoo kutengwa na mbuzi jioni, wakumbuke kwamba kutwa nzima walikuwa malishoni pamoja.