Perere na Nyasi za Bwana Mbogo

Paukwa!

— Pakawa!

Msitu ulikuwepo?

— Ulikuwepo!

Na nyasi?

— Zilifika mabegani!

Mabegani mwa nani?

— Mwa Mbogo!

Basi nusu ya hadithi mnayo. Nyamazeni, niwape nusu iliyobaki. Na wewe unayetafuna miwa huko nyuma, tafuna polepole.

Hapo kale, kwenye msitu wa miombo, aliishi Perere mmoja aitwaye Nyamizi. Perere mnamjua? Mnyama wa kupakatwa, hana mkia, hana pembe, ana sauti tu. Nyamizi alikaa na watoto wake ndani ya tundu la mninga mkongwe. Ndani ya mninga huo alizaliwa yeye, na mama yake vilevile. Hakuwa na nyumba nyingine duniani.

Wanyama wa msitu huo walikuwa na desturi yao. Mvua zikikoma, nyasi zikiwa nusu kijani nusu kavu, walizichoma kidogo kidogo, jioni, umande ukishaanza kushuka. Leo kipande hiki, kesho kile. Moto ukapita chini chini, ta-ta-ta, ukalamba majani makavu na kuacha miti na miche yake. Kiangazi kikikolea, moto mkubwa ukaja kutoka huko utokako, haukukuta cha kula. Ukafa njaa.

Mwaka huo akahamia Bwana Mbogo. Pembe hizi hapa! Shingo hii hapa! Akatazama nyasi upande huu, akatazama upande ule, akapiga kwato, gudu!

"Nyasi zote zangu," akasema. "Hakuna kula, hakuna kuchoma. Atakayewasha moto nitamkanyaga awe mkeka."

Wanyama wakatazamana. Nani abishane na shingo ile? Nyasi zikakua. Zikakauka. Upepo ukivuma zinalia shaa, shaa, shaa, na kila zikilia, moyo wa Nyamizi unamruka. Aliogopa, jamani, aliogopa sana. Moto mkubwa ukizikuta nyasi zile, utapanda mpaka kwenye matawi, na tundu la mninga litakuwa tanuri. Watoto wake wamo ndani.

Akamwendea Kobe. Kobe alikuwa na alama nyeusi gambani tangu mwaka moto mkubwa ulipompita mgongoni.

"Kaka Kobe, tuchome."

"Mbogo je?"

"Tuchome padogo, nyuma ya kichuguu. Hatapaona."

"Dada, mimi nikikimbizwa sikimbii. Nakamatwa tu."

"Basi wewe kaa ulinde."

Jioni, umande uliposhuka, Nyamizi akachukua kijiti chake cha kupekechea moto. Pekecha, pekecha, pekecha, fyuu! Moto ukashika. Ta-ta-ta, ukatambaa. Ulipotaka kutoka nje ya mpaka, akaupiga kwa tawi bichi, pu! pu! Ukazimika. Pakabaki majivu kiasi cha uwanja wa nyumba.

Haukupita muda, majivuni pakachipua nyasi changa, laini, za kijani. Nyamizi akazichuma, akajipaka majimaji yake mdomoni, akaenda kupita mbele ya Mbogo huku anatafuna kwa kelele. Mnyamu, mnyamu, mnyamu.

"Shikamoo, Bwana Mbogo."

"Marahaba. Unakula nini?"

"Sili kitu, Bwana."

"Mdomo wa kijani huo!"

"Ah, hiki! Hiki si chakula cha wakubwa, Bwana. Wakubwa mnakula makuti yale makavu, yenye heshima. Hivi vilaini ni vya sisi wasio na meno."

"Lete hapa!"

Akampa. Mbogo akatafuna mara moja tu, macho yakamlegea. Tangu mvua zikome alikuwa akitafuna vitu vya kuezekea.

"Zinaota wapi?"

"Kwenye majivu, Bwana. Lakini umekataza moto, nasi tunatii."

"Nani amekataza? Chomeni! Chomeni msitu mzima, sasa hivi, jua hili hili!"

Nyamizi akatingisha kichwa. "Ukichoma zote leo, Bwana, zitachipua zote pamoja na kukomaa zote pamoja. Utakula changa mara moja, kisha urudi kwenye makuti. Tuchome kidogo kidogo, jioni jioni. Kila ukiamka, unakuta mpya."

"Naam!" akasema Mbogo. "Hilo nilikuwa nalifikiria mwenyewe."

Mnacheka nini? Wakubwa wote hulifikiria wenyewe.

Basi kila jioni ikawa pekecha, pekecha, fyuu! Ta-ta-ta. Pu! pu! Safari hii wanyama wote walishika matawi, na Mbogo mwenyewe akasimamia kwa sauti. Vipande vikachipua huku na huku. Mbogo akikimbilia cha mashariki, swala wanakula cha magharibi. Akikimbilia cha magharibi, pofu na pembe zao wamejaa cha mashariki. Alikimbia mpaka ulimi ukamtoka.

Mwishowe likabaki bonde moja tu, nyasi ndefu kuliko zote. Hapo ndipo Mbogo alipolala. Nyamizi akamwambia ukweli mtupu:

"Bwana, na hili tulichome. Hili ndilo la hatari."

Mbogo akamkazia jicho. "Ahaa! Mmeshiba vipande vyote, sasa mnataka na kitanda changu. Hili halichomwi! Hili langu peke yangu!"

"Haya, Bwana. Wewe ndiye mkubwa."

Kiangazi kikakolea. Siku moja mchana, wingu lisilo na maji likapiga radi huko mbugani, kraa! Moto ukaja. Haukuja ta-ta-ta, huu ulikuja vuuuuu! Ukafika kwenye majivu upande wa mashariki, ukatafuta cha kula, ukakosa, ukafa. Upande wa magharibi nako ukafa. Likabaki bonde la Bwana Mbogo. Hapo ukakaa mezani.

Moshi ukafunga, mchana ukawa giza. Mbogo akazunguka ndani ya bonde, hajui pa kutokea.

"Perere! Una sauti kubwa wewe! Piga kelele nijue penye majivu!"

Nyamizi alikuwa mlangoni mwa tundu lake, watoto nyuma yake, mninga mzima, hata jani halijaungua.

"Nitapiga, Bwana. Ila kwanza niambie, nyasi za nani?"

"Zangu!"

Nyamizi kimya. Moto vuuuuu!

"Nyasi za nani, Bwana?"

"Za... zetu! Mimi na wewe!"

Moto ukamgusa mkia, chwii!

"Za nani?"

"Zenu! Zenu wote! Mimi sina hata moja, nahama leo!"

"Kreee! Kreee! Kreee! Huku, Bwana, huku!"

Mbogo akaifuata sauti, akatoka bondeni mbio, akapita majivuni bila kumwamkia mtu, akapita mto, akajitupa kwenye tope mpaka puani. Tangu siku hiyo Mbogo na tope hawaachani. Na perere akipiga kelele, huwa anauliza tu nyasi ni za nani.

Hadithi yangu inalala hapa. Ikiwa tamu, ilambeni wote. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe nimeze.

— Na mafunzo yake?

Mafunzo! Mafunzo yake ni haya: msichezee moto. Mkubwa akikataza jambo, tiini. Na mwenzenu akiwa taabani, msaidieni papo hapo bila masharti. Nyamizi hakufanya hata moja katika hayo, na tazameni alivyoishia: ana mti, ana watoto, ana msitu mzima. Na ninyi mnataka yawakute kama hayo?