Tanuri la Bi Zuwena na Balasi la Baridi

Zamani za kale, katika mji wa Mazuwara, alitawala Sultani Nadhiri bin Sarhani, na alikuwa mwadilifu ila mwingi wa haya, na haya ya mfalme, jamaa zangu, hulipiwa na raia.

Mjini humo aliishi Bi Zuwena binti Fakihi, mjane mpika mikate ya mofa, ambaye moshi wa kuni ulikuwa unammaliza macho. Basi akauza bangili alizoachiwa na marehemu mama yake, na akaenda kwa Tajiri Dahmani, muuza vyombo vyenye majini, na akaagiza tanuri la shaba lenye jini wa moto, liokalo bila kuni. Dahmani akaapa kwamba litafika kabla ya Idi.

Wachukuzi wakaleta chombo kilichofunikwa kwa hariri, wakakitua barazani. Bi Zuwena alipofunua, kumbe ni balasi, mtungi mrefu kama mtu, na ndani yake amefungwa jini wa baridi, na baridi yake ikaugandisha unga wote aliokuwa ameukanda. Idi ile mji ulikula mikate ya wengine, naye akalia kwa hasira.

Alipokwenda kulalamika, Dahmani alimwekea kahawa na halua, na akamwambia kwa upole kwamba kilichofunuliwa kimekwisha kukubaliwa, na kwamba muungwana harudishi alicholetewa. Na kweli watu wa Mazuwara ndivyo walivyolelewa. Yuko aliyeagiza zulia lirukalo akaletewa mbuzi aimbaye, na akashukuru. Majirani nao wakamsihi avumilie, kwani mvumilivu hula mbivu. Bi Zuwena akawajibu kwamba mbivu za Dahmani zimeoza, na kahawa yake hakuigusa, na balasi akalipakia kwenye gari la punda, akalipeleka mpaka barazani kwa Sultani.

Akamkuta Sultani anatokwa na jasho, na watumishi wanampepea bila faida. Dahmani, aliyemfuata mbio, akatangulia kwa maneno marefu ya kumsifu mfalme na kuisifu subira. Alipomaliza, Bi Zuwena akasimama.

"Maulana, niliagiza moto nikaletewa baridi. Kufunua si kukubali. Nitakijuaje nilicholetewa nisipokitazama? Na chombo kipya hapa kwetu hakiwi cha nyumba mpaka kifukizwe ubani. Aulizwe jini mwenyewe kama nimemfukiza. Sikuja kuomba fadhila. Nataka tanuri langu, au bangili za mama yangu."

Jini akachomoza kichwa mtungini. "Ubani sijaunusa, na mama huyu hajanitumia hata kupoza maji. Tena, ewe mfalme, mimi ni wako. Uliniagiza nikupozee sharubati, na tajiri akachanganya mizigo."

Baraza zima likamtazama Sultani, naye akainamisha kichwa, kisha akaamuru pazia la nyuma ya kiti chake lifunguliwe, na hapo likaonekana tanuri la shaba linawaka. Alikuwa ameona aibu kulirudisha, akaketi nalo tangu mkesha wa Idi.

"Mwanamke huyu ameidai haki ambayo mimi mfalme nimeogopa kuidai," akasema, na akahukumu kwamba Dahmani avibadilishe vyombo kwa gharama yake, na amlipe Bi Zuwena hasara ya Idi, na kwamba kuanzia siku ile aletewaye asichoagiza arudishe bila aibu. Kabla ya adhuhuri duka la Dahmani lilijaa vilivyorudishwa, na mbuzi yule anaimba juu ya lundo.

Sultani, ambaye alikuwa amefiwa na mkewe, akashikwa na mapenzi, na akamposa Bi Zuwena mbele ya mawaziri, akimwahidi jumba na vijakazi. Bi Zuwena akainama kwa adabu.

"Heshima ni kubwa, maulana. Lakini mimi niliagiza tanuri. Mume sikuagiza."

Akalipakia tanuri lake akaenda zake, na akatajirika kwa mofa zake, na Sultani akawa mnunuzi wake wa kila asubuhi. Nami hekaya nimeifikisha mlangoni pako. Ikiwa siyo uliyoiagiza, irudishe, usione haya.