Namba Iliyoandikwa Mara Mbili

Palikuwa na kisima kimoja tu, na tajiri Lugembe ndiye aliyekikalia. Kila mteka maji alitajiwa namba kubwa, aseme papo hapo kama inagawanyika kwa saba bila baki. Akikosea, anarudi na ndoo kavu.

Siku moja Kabula, mtunga shanga, alifika akicheka, foleni ya wateka maji ikitazama.

"Mzee, leo chagua namba yoyote ya tarakimu tatu, uiandike mara mbili mfululizo. Ikigawanywa kwa saba ikabaki hata moja, chukua shanga zangu zote. Isipobaki, kisima ni cha wote."

"Mashahidi mmesikia!" Lugembe alichekelea, akaandika mchangani: 394394. Akagawa. Haikubaki kitu.

"Umebahatisha! Kwa kumi na moja!"

Haikubaki.

"Kumi na tatu!"

Haikubaki. Akaandika 581581, akagawa kwa saba huku jasho likimtiririka. Haikubaki. Watu wakakimbilia kisima kwa vigelegele, ndoo zikigongana.

"Mwanangu," Lugembe alinong'ona, "ni namba ipi ingekushinda?"

"Hakuna, mzee. Kuiandika mara mbili ni kuizidisha kwa elfu moja na moja, na hiyo ndiyo idadi ya shanga za mkanda wa bibi harusi: rangi saba, kila rangi nyuzi kumi na moja, kila uzi shanga kumi na tatu. Ile saba uliitia ndani mwenyewe kila ulipoirudia namba, kwa kidole chako."

"Sasa nifanyeje?"

"Panga foleni, mzee. Mwisho ni kule."