Mkunga Naye Hukandwa

"Mkunga naye hukandwa." Bibi Mwanaheri alimwambia hivyo binti yake, muuguzi wa zahanati, aliyekuwa akivaa viatu kwenda kazini siku yake ya mapumziko. Wajukuu waliokuwa wakimenya mihogo ukumbini wakacheka. Mkunga ndiye hukanda wenzake, wakasema, yeye akandwe kwa lipi?

"Methali hii ilianza hivi," akasema bibi. "Sikilizeni, ila mikono isisimame."

Huko milimani Kwemtindi palikuwa na mkunga jina lake Mwajabu. Nusu ya kijiji ilipitia mikononi mwake. Mwanamke akijifungua, Mwajabu alirudi kwake kila asubuhi kwa siku saba, akachemsha maji, akachovya kitambaa na kumkanda kiuno na mgongo. Na mzazi akikandwa husema yote: hofu zake, mumewe, mawifi zake. Mwajabu aliyapokea yote, akaenda nayo nyumbani.

Masika moja, Sikudhani, mke wa mhunzi, alimfia mikononi pamoja na mtoto. Damu ilikataa kusimama. Mwajabu alifanya kila alilolijua, na mhunzi mwenyewe alimwambia, "Mama, hukukosea." Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake, kabla ya matanga kuondolewa, akaitwa kwa mzazi mwingine. Akaenda.

Tangu hapo usingizi ukamhama. Akifumba macho tu, humsikia Sikudhani akimuuliza, "Mama, bado?" Chakula kikawa hakishuki. Siku moja alimkaripia mwanamke mwenye uchungu kwa sababu alilia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Mdogo wake Mwanamosi, aliyekuwa akijifunza ukunga kwake, akamuuliza, "Dada, unaumwa?"

"Siumwi. Watoto hawangojei mtu apumzike."

Ikapita miezi miwili. Asubuhi moja aliitwa kwa Bi Kombo, ambaye mkwewe alikuwa anajifungua. Mtoto alitoka salama, akalia. Mwajabu akashika wembe akate kitovu, mkono ukaanza kutetemeka. Akaushika kwa mkono wa pili. Nao ulikuwa unatetemeka. Angeweza kukata hivyo hivyo, na pengine asingejua mtu. Akauweka wembe chini.

"Mwanamosi, kata wewe."

"Mimi, dada?"

"Wewe. Nimekufundisha miaka sita. Mikono yangu leo haifai."

Bi Kombo akaruka. "Mkunga gani huyu anaacha kazi katikati?"

"Anayetaka mjukuu wako aishi," Mwajabu akajibu. Aibu ilimchoma, lakini hakurudi nyuma. "Nimechoka, Bi Kombo. Sio mwili. Ni humu." Akagusa kifua. "Tangu Sikudhani afariki sijalala usingizi wa maana. Nimeficha mpaka nimefika kwenye wembe. Sifichi tena."

Mwanamosi akakata kitovu, akafunga vizuri. Bi Kombo alimtazama mtoto, kisha akamtazama mkunga. Akaenda jikoni kwenye maji ya moto ya kumkandia mzazi, akachota bakuli moja, akarudi na kitambaa.

"Lala, Mwajabu."

"Mimi sikuzaa."

"Najua. Lala."

Kitambaa cha moto kilipogusa mgongo wake, Mwajabu akalia kwa sauti. Akasema yote: ile damu, lile swali la Sikudhani, kile kitoto alichokifunga sanda kwa mkono wake. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Wanawake aliowazalisha wakapokezana kumkanda kwa siku saba, na kila siku alizungumza. Siku ya tatu alilala tangu adhuhuri mpaka magharibi.

Wanaume wakafanya mzaha kisimani. "Eti mkunga anakandwa! Kazaa nini?"

Bi Kombo akatua ndoo yake. "Ndiyo, mkunga naye hukandwa. Au mnataka wake zenu wazalishwe na mikono inayotetemeka?"

Mzaha ukaisha pale pale.

Mwajabu alirudi kazini, lakini kwa sharti alilojiwekea mwenyewe. Ijumaa hakwenda popote; anayemhitaji alimwita Mwanamosi. Mzazi au mtoto akimfia mikononi, hakushika wembe mpaka matanga yaishe, na hakumaliza siku bila kuketi na mdogo wake na kulisema lililomkaa moyoni. Wapo walionung'unika. Hakulegea. Sauti ya Sikudhani haikuondoka kabisa, lakini alijifunza kuisikia akiwa amekaa na mtu. Akaendelea kuzalisha mpaka alipokuwa mzee wa kutembelea mkongojo.

Neno la Bi Kombo likatoka kisimani, likashuka milima. Watu wakimwona mwalimu asiyelala, au mama anayeuguza miezi bila kumwachia mtu zamu, humwambia, "Mkunga naye hukandwa," nao humaanisha aache alichoshika, aje akae, aseme yaliyomjaa moyoni.